Uyoga wa mamama: jinsi ya kuuotesha nyumbani

Mvua za masika zikianza, wengi wetu hapa Heru Juu tunaingia porini kutafuta uyoga. Swali ni lile lile kila mwaka: huu unaliwa, au una sumu? Uyoga wa mamama unaooteshwa nyumbani kwa mbegu inayojulikana unatuondolea wasiwasi huo.

Uyoga si mmea. Hauhitaji udongo wala mbolea, bali hula mabaki yaliyokauka. Maganda ya maharage, mabua ya mahindi na majani makavu ya migomba yanafaa, na Kasulu hayakosekani. Joto linalofaa ni nyuzi 20 hadi 28.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Katakata mabaki yasiyo na ukungu, vipande vya sentimita 3 hadi 5. Yaloweke usiku kucha.
2. Yachemshe saa 2, yachuje na uyaache yapoe kabisa. Ukikamua konzi moja, yatoke matone machache tu.
3. Nawa mikono kwa sabuni. Jaza mfuko wa nailoni au ndoo iliyotobolewa matundu: tabaka la mabaki, mbegu kidogo, tena mabaki. Kilo 1 ya mbegu hutosha kilo 20 za mabaki yenye unyevu. Funga mfuko na uutoboe matundu madogo.
4. Weka kwenye chumba chenye giza kwa wiki 3 hadi 4, mpaka uwe mweupe wote.
5. Kisha ruhusu hewa na mwanga kidogo, usiwe wa jua. Nyunyiza maji sakafuni na hewani mara 2 au 3 kwa siku.
6. Vuna kingo zikiwa bado zimejikunja. Shika kichane chote, zungusha na ung'oe. Ukichelewa, hutoa vumbi linalosumbua kifua.

Mfuko mmoja huvunwa mara 2 au 3, kisha mabaki yake huwa mbolea ya bustani.

Wanaoanza hukwama zaidi hatua ya 2 na ya 3. Ukiona ukungu wa kijani, mabaki hayakuiva vizuri au mikono haikuwa safi. Toa mfuko huo nje mapema usiambukize mingine.

Mbegu hutengenezwa maabara, kwa kawaida kwenye punje za nafaka. Usichukue uyoga wa porini ukaufanya mbegu. Muulize afisa kilimo wa kata pa kuipata, na uanze na mifuko 2 au 3.

Kwa wanaoendelea kuchuma porini: kuchemsha hakuondoi sumu kali ya uyoga, na uyoga ulioliwa na wadudu si lazima uwe salama kwa binadamu. Dalili za sumu hatari zaidi huchelewa, mara nyingi saa 6 hadi 24. Mgonjwa anaweza kupata nafuu ya muda huku ini likiharibika. Mkimbize kituo cha afya bila kusubiri, na mbebe kipande cha uyoga alioula.