Kutoka Hola hadi Kamiti: Nani Aliongoza Magereza ya Kenya?

Mpango ulioua watu 11 katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, uliandikwa mezani kwa lugha tulivu ya kiserikali. John Cowan, ofisa wa ngazi ya juu wa Idara ya Magereza ya Kenya, alipendekeza kwamba washukiwa wa Mau Mau waliokuwa wakikataa kazi wapelekwe shambani kwa vikundi, wakizungukwa na askari, na wakishikilia msimamo wao walazimishwe. Tarehe 3 Machi 1959 mkuu wa kambi, Michael Sullivan, aliwatoa nje watu 85. Askari walitumia marungu. Watu 10 walikufa, na wa 11 akawafuata baadaye. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba marehemu walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji.

Uongo huo haukudumu. Usiku wa tarehe 27 Julai mwaka huohuo, katika Bunge la Uingereza, Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, alisimama na kuishambulia serikali yake kwa ajili ya Hola. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo. Katika mlolongo mzima, kutoka aliyeandika mpango hadi aliyeshika rungu, aliyekuwa na cheo cha chini kabisa ndiye aliyekuwa karibu zaidi na damu, na ndiye ambaye hakuna aliyemuuliza lolote mpango ulipoandaliwa. Anayetaka kuielewa kazi ya magereza Kenya aanzie kwa huyo.

Idara ambayo askari huyo aliitumikia haikuwa na umri mkubwa. Waingereza walipotwaa pwani mwaka 1895 hawakujenga jela mpya Mombasa. Waliwafungia watu ndani ya Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, na ngome hiyo ikabaki jela hadi 1958. Idara rasmi ya magereza ilianza 1911. Upande wa Tanganyika mambo yalichelewa zaidi: magereza yalikuwa chini ya polisi mpaka tarehe 25 Agosti 1931, yalipotengwa na kuwa idara yake. Kote kuwili cheo kilifuata rangi ya ngozi: maofisa Wazungu, askari Waafrika. Nao waliofungwa, kwa sehemu kubwa, hawakuwa majambazi wa kutisha. Wengi walikuwa wamekosa kodi au wamepatikana bila kitambulisho cha kipande, hata mwaka 1925 Kenya ikatunga sheria ya kambi maalumu za kuwaweka wakosaji wadogo wa aina hiyo. Askari wa jela alikuwa mlinzi wa hazina ya serikali kuliko mlinzi wa usalama wa raia.

Uhuru ulibadilisha sura haraka. Obadiah Rugimbana alishika ukamishna wa magereza Tanganyika mwaka 1962, na nchini Kenya Andrew Saikwa akawa Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Mfumo wenyewe haukutikisika. Sheria ya Magereza iliyoiongoza Kenya huru ilitungwa 1962, siku za jioni za ukoloni, ikabaki na gwaride lake, ngazi zake za vyeo na sare za milia ambazo Wakenya waliziita kunguru. Kijana aliyetoka chuo cha mafunzo ya magereza cha Ruiru akiwa konstebo alifundishwa kwanza kutii, kuhesabu vichwa na kufunga kufuli. Kumrekebisha mtu kulitajwa katika hotuba za mawaziri.

Matunda ya malezi hayo yalionekana katika gereza la King'ong'o, Nyeri, Septemba 2000. Wafungwa 6 waliohukumiwa kunyongwa walikufa, na maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba walianguka wakijaribu kuruka ukuta wakitoroka. Uchunguzi wa miili ulionyesha kipigo. Hola yalisingiziwa maji, King'ong'o ukasingiziwa ukuta. Miaka 41 ilikuwa imepita kati ya visa hivyo viwili.

Ndipo akaja Moody Awori. Mzee huyo, ambaye Wakenya wengi humwita Uncle Moody, alipewa Wizara ya Mambo ya Ndani baada ya ushindi wa muungano wa NARC katika uchaguzi wa Desemba 2002, akawa Makamu wa Rais mwaka 2003. Aliyafungua malango. Waandishi wa habari waliingia, magodoro yakaingia, televisheni zikaingia, na jamaa wakapata nafasi ya kukaa na ndugu zao badala ya kupigiana kelele kupitia wavu. Ni mageuzi makubwa kuliko yote ambayo magereza ya Kenya yameyaona, na sifa anazopewa anazistahili.

Lakini mageuzi hayo yalikuwa na upofu mmoja. Askari aliyemfungulia mfungwa mlango akatazame mpira kwenye televisheni alirudi jioni kwenye kibanda cha mabati, au chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia ili familia mbili ziishi. Manung'uniko yaliiva Aprili 2008, miezi michache baada ya ghasia za uchaguzi: askari wa magereza waligoma, katika gereza la Kamiti na kwingineko, wakidai posho na makazi ya kibinadamu. Watu wenye sare, waliolelewa kwa amri, walikataa amri hadharani. Serikali ikaunda kamati chini ya Marsden Madoka ichunguze, na mwaka huohuo ukamishna ukaenda kwa Isaiah Osugo, mtu aliyetoka polisi.

Kumleta kiongozi kutoka nje ya idara kuna mantiki yake, kwani hana marafiki wa kuwalinda. Kuna gharama pia. Konstebo aliyepanda ngazi moja baada ya nyingine huona ngazi ya mwisho ikiondolewa kila mambo yanapoharibika. Januari 2020 Tanzania ilimkabidhi Jeshi la Magereza Suleiman Mzee, Brigedia Jenerali wa jeshi la ulinzi, JWTZ. Novemba 2021 wafungwa 3 wa makosa ya ugaidi walitoroka Kamiti. Rais Uhuru Kenyatta akamfuta kazi Kamishna Jenerali Wycliffe Ogallo na kumteua John Warioba, Brigedia mstaafu. Watoro walikamatwa Kitui baada ya siku chache. Uganda nayo ilichagua njia isiyotarajiwa: Johnson Byabashaija, aliyeongoza magereza ya huko kuanzia 2005, alisomea udaktari wa mifugo.

Wakati macho yakiwa kwenye kiti cha juu, mabadiliko ya kudumu zaidi yalikuwa yakifanyika katikati, kwenye ofisi ya mkuu wa gereza. Wanini Kireri, aliyewahi kuongoza gereza la wanawake la Lang'ata, alipelekwa Shimo la Tewa, akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuongoza gereza kuu la wanaume. Walioshuku kama wanaume wa gereza hilo wangemtii mwanamke walijibiwa na kazi yake, na baadaye alipewa chuo cha Ruiru awafunze makurutu. Uteuzi huu wa pili ndio wenye uzito, kwa sababu mkuu wa gereza huligusa gereza moja, ilhali mkuu wa chuo hugusa kila konstebo anayehitimu.

Idara iliwapa vijana milango mingine pia. Catherine Ndereba alijiunga na Magereza mwaka 1994, na akiwa mtumishi wa idara hiyo akatwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mara mbili, 2003 na 2007. Timu ya voliboli ya wanawake ya Magereza imetwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara kadhaa. Kwa msichana wa kijijini mwenye miguu au mikono ya kipaji, sare hiyo ilikuwa mshahara wa uhakika na muda wa mazoezi, vitu ambavyo vilabu vingi vya kiraia havikuweza kumpa.

Na Kamiti, wafungwa wamesomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London kupitia mradi ulioanzishwa na Alexander McLean. Askari wa magereza wanaruhusiwa kujiunga na masomo hayohayo, na baadhi yao wamefanya hivyo, wakifanya mtihani mmoja na watu wanaowalinda.