Kusikia, Kusikiliza na Kusikilizana: Historia ya Maana katika Mpaka wa Tunduma

Makala haya yanatoa hoja kwamba usikivu ni suala la semantiki kabla ya kuwa suala la adabu. Mfano unaotumika ni mji wa Tunduma, ambako historia imewakutanisha watu wanaotumia kitenzi kimoja kwa maana zisizolingana.

Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890 yaliweka mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, yakawaacha Wanyamwanga pande zote mbili. Bomba la mafuta la TAZAMA (1968) na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, viliongeza mwingiliano huo. Mwaka 2016 Tunduma iliingia katika Mkoa mpya wa Songwe, na mwaka 2019 Tanzania na Zambia zilizindua kituo cha pamoja cha forodha. Hivyo, Kinyamwanga, Kinyiha, Kibemba na Kiswahili hukutana katika soko moja.

Katika Kibemba, kitenzi *ukumfwa* hubeba maana ya kusikia, kuhisi na kuelewa. Kusikiliza kwa makusudi kuna kitenzi chake, *ukukutika*. Kiswahili nacho husema "kusikia njaa" na "kusikia baridi", lakini dhana ya ufahamu imepewa zaidi kitenzi "kuelewa". Hata hivyo, katika Kiswahili cha Kongo, kinakoelekea sehemu kubwa ya malori yapitayo Tunduma, "kusikia lugha" ni kuifahamu. Aidha, methali "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" inadhihirisha maana nyingine, yaani kutii.

Kwa hiyo, mnunuzi wa mahindi akitajiwa bei na kujibu "nimesikia", jibu lake lina tafsiri tatu: sauti imemfikia, ameelewa, au amekubali. Muuzaji akichukua tafsiri ya tatu ilhali mnunuzi alikusudia ya kwanza, ugomvi utakaozuka hautatokana na hila. Chanzo chake ni uwingi-maana usiotambuliwa. Jambo hili ni zito zaidi pale jibu hilo linapotolewa mbele ya ofisa wa forodha au hakimu, kwa kuwa huko neno huweza kuandikwa kama ridhaa.

Mnyambuliko wa Kiswahili unaonyesha njia ya kuepuka hatari hiyo. "Kusikia" humpata mtu hata bila kukusudia. "Kusikiliza" huhitaji nia. "Kusikilizana", kwa kauli ya kutendana, huhitaji pande mbili na humaanisha kuafikiana. Kibemba kina mwendo wa aina hiyohiyo: *ukumfwana* ni kupatana. Lugha zote mbili, basi, zinaweka mapatano katika kutendana, wala si katika sikio la mtu mmoja.

Funzo la semantiki hapa ni la kivitendo. Mkalimani, mwalimu au ofisa anayefahamu ngazi hizi hatatosheka na "nimesikia". Atamwomba msemaji aeleze alichokielewa, kisha ndipo atauliza kama amekubali.