Kutoka kaboni hadi flashi: historia fupi ya karatasi za Tunduma

Wadau, mtu akitaja Tunduma, wengi tunafikiria malori. Ni kweli, malori yapo, na foleni yake ni ndefu. Lakini lori halivuki mpaka kwa dizeli peke yake, linavuka kwa karatasi. Ankara, orodha ya mizigo, hati ya forodha, kibali cha hiki na kile. Jina likikosewa herufi moja, dereva analala njiani. Kwa hiyo leo naomba tuyaache malori kidogo tuzungumzie karatasi zenyewe: zilikuwa zinaandaliwaje zamani, na ni nini hasa kilichobadilika zilipokuja programu za kuandikia kwenye kompyuta.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta inatafuta njia nyingine ya kufika baharini. Njia hiyo ilikuwa Dar es Salaam. Likaja bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, na barabara kuu ikawa inabeba shaba kwenda bandarini na bidhaa kurudi Zambia. Vyote hivyo vilipita pembe hii ya nchi. Na kila behewa na kila lori lilikuja na karatasi zake, na karatasi za miaka ile zilipigwa kwa taipureta.

Kwa sisi tuliozaliwa kompyuta ikiwa tayari ipo, ni vigumu kuelewa kazi ile. Unataka nakala nne? Unapanga karatasi nne na kaboni tatu katikati yake, unazungusha kwenye roli, unapiga kwa nguvu ili herufi ifike hadi karatasi ya mwisho. Ukikosea, kosa linakwenda kwenye nakala zote nne. Bosi akitaka kuongeza sentensi katika aya ya pili, unarudia ukurasa mzima. Mitihani ya shule ilichapwa kwenye stensili, kisha ikazungushwa kwenye mashine ya kudurufu na wino ukaishia mikononi. Hata leo ukiona "Nakala kwa:" chini ya barua ya ofisi, unasoma kumbukumbu ya kaboni. Na ile "Cc" ya kwenye barua pepe? Ni kaboni hiyo hiyo, imehamia kwenye intaneti.

Ndiyo maana upigaji chapa ulikuwa taaluma ya heshima. Watu walisomea uhazili, wengi wao pale Tabora, kwenye chuo ambacho mwaka 2000 kiliingizwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma. Mama mmoja mstaafu niliyezungumza naye Vwawa aliniambia hivi baada ya kumpa shikamoo yake: "Mwanangu, sisi tulikuwa tunasoma barua mara mbili kabla ya kugusa mashine. Ukianza kupiga bila kusoma, karatasi utazimaliza wewe." Naomba uishike hiyo sentensi, nitaihitaji mbele.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wengi wa rika langu hawalijui. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Haikuwa wazimu. Mfumo wa hesabu wa kompyuta uliowekwa Wizara ya Fedha ulikuwa umeleta hasara na vurugu, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Lakini tazama kalenda. Mwaka 1964 IBM ilikuwa imeshatoa mashine ya kupiga chapa inayotunza maandishi kwenye utepe wa sumaku. Mwaka 1976 kampuni ya Wang ikatoa mashine yenye kioo, ambayo mchapaji aliweza kusahihisha maneno kabla hayajagusa karatasi. 1978 ikaja WordStar, 1980 WordPerfect, 1983 Microsoft Word. Yaani teknolojia nzima ilizaliwa, ikatambaa na kuanza kutembea wakati sisi mlango tumeurudishia. Masharti yalilegezwa polepole, na uchumi ulipofunguliwa, hasa miaka ya 1990, kompyuta zikaanza kuingia maofisini. Ndipo mchapaji wa Kitanzania akaruka kutoka taipureta hadi kwenye Word bila kupita vituo vya katikati.

Je, aliruka akapata nini? Wengi watasema kasi. Mimi nabisha. Mchapaji mzuri wa taipureta ana kasi kuliko vijana wengi wanaodonoa kwa vidole viwili. Kilichobadilika ni kwamba maandishi yaliachana na karatasi. Kwenye taipureta, kuandika na kuchapa ni tendo moja. Herufi ikigonga, imegonga. Kwenye kompyuta, unaandika leo, unasahihisha kesho, unachapa keshokutwa, na barua ya mwaka jana unaifungua ukabadilisha tarehe. Urahisi wenyewe uko kwenye kurekebisha.

Mfano mzuri uko hapa hapa. Mwaka 2012 Wilaya ya Momba ilimegwa kutoka Mbozi. Januari 2016 Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawa Vwawa. Hebu fikiria mtu wa Tunduma ambaye hajahama hata hatua moja: ameishi Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya; kisha Wilaya ya Momba, Mkoa wa Mbeya; kisha Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Vichwa vya barua, fomu za shule, mikataba, katiba za vikundi, vyote vilitakiwa kubadilika. Enzi za taipureta hiyo ingekuwa kazi ya kuandika upya kila kitu. Kwa programu ya kuandikia, unaiamuru itafute "Mbeya" kila mahali na kuweka "Songwe". Sekunde moja. (Ila ole wako kama ndani ya waraka kulikuwa na Mbeya ambayo ni Mbeya kweli, jiji lile la jirani. Nayo itahamishiwa Songwe!)

Mpakani kwenyewe mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 TRA ilileta mfumo wa forodha wa TANCIS, na ajenti akawa anajaza taarifa za mzigo moja kwa moja kwenye mfumo. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wakazindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ili msafiri na mzigo vikaguliwe sehemu moja badala ya mara mbili. Lakini karatasi haikufa. Barua za utambulisho, mikataba ya usafirishaji, hati za kuuziana shamba la kahawa kule Mbozi: hizo bado zinazaliwa kwenye vibanda vya steshenari, penye kompyuta moja, printa moja na kijana mmoja mwenye flashi shingoni.

Na hapo ndipo pana jambo linalonisumbua, wadau.

Kwanza ni lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Waswidi, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: programu kamili ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili, tena ya bure. Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office miaka ile ile. Leo ingia steshenari yoyote, mkataba unaandikwa kwa Kiswahili lakini programu inafikiri kwa Kiingereza. Kila neno lina mstari mwekundu chini yake, "shamba" kosa, "mpaka" kosa, "shahidi" kosa. Kijana amezoea kuupuuza ule mstari. Kwa hiyo siku jina la muuzaji likikosewa kweli kweli, mstari mwekundu utakuwepo na hakuna atakayeuona. Chombo kilichotengenezwa kukulinda dhidi ya makosa kimekufundisha kutoyatazama.

Pili ni huko kunakili na kubandika. Mkataba wa shamba hauandikwi tena. Unafunguliwa wa mteja wa jana, yanabadilishwa majina na bei. Nimewahi kuonyeshwa mkataba wa mauziano ambao ukurasa wa kwanza unataja ekari mbili na ukurasa wa pili unataja ekari tano za mtu mwingine kabisa. Muuzaji ameshatia dole gumba. Mashahidi wamesaini. Mhuri umegongwa. Niambie, siku wajukuu wa pande zote mbili wakifika kwenye baraza la ardhi, watasomewa ukurasa upi?

Kumbuka maneno ya yule mama wa Vwawa. Taipureta ilikuwa ngumu, na ugumu huo ulimlazimisha mtu asome kabla ya kuandika. Kurudia ukurasa kulikuwa adhabu, lakini pia kulikuwa ukaguzi. Programu ya kuandikia imeondoa adhabu na ukaguzi ukaondoka nayo. Sisemi turudi kwenye kaboni, hapana. Nani anataka kurudia kurasa 20 kwa ajili ya koma? Ninachosema ni kwamba kazi ya kusoma, ambayo zamani ilifanywa na mhazili, siku hizi hajapewa mtu. Kijana wa steshenari analipwa kwa ukurasa, halipwi kwa kusoma. Mzee anayeuza shamba anaona karatasi nyeupe iliyonyooka, herufi zimepangika kama za serikali, anaamini. Unadhifu wa waraka umekuwa ushahidi wa ukweli wake, na huo si ushahidi hata kidogo.

Basi wewe uliyesoma, ukirudi kijijini likizo na baba mdogo akakuambia anakwenda kuchapisha karatasi ya shamba, ongozana naye. Isome kwa sauti mbele yake, neno kwa neno, kabla haijagongwa mhuri. Na faili asiliache kwenye kompyuta ya watu, abebe nakala yake. Itakugharimu nusu saa. Kesi ya ardhi hugharimu ukoo.

Nawasilisha.