Timazi ya Picha

Simama chini ya Boma la Mikindani na kamera ya video, inua lenzi mpaka mnara wote uingie, kisha kaangalie ulichopata. Jengo limeinama. Kuta za pembeni zinakaribiana kadiri zinavyopanda, na mnara unataka kulala chali mlimani. Asiyefika Mikindani atauliza kama watu bado wanaruhusiwa kuingia humo. Lakini Boma lile, walilojenga Wajerumani mwaka 1895, limesimama wima. Kilichoinama ni kamera.

Sisi tunaopiga video za harusi hapa Mtwara tunaijua shida hii, ila wengi wetu tunaipokea kama mvua: imekuja, basi. Mimi naona ina historia ambayo kijana anayetaka kuandika habari za kwao anapaswa kuijua.

Kwanza sababu. Uso wa kamera ukiwa sambamba na ukuta, ukuta wote huchorwa kwa kipimo kimoja, chini mpaka juu. Ukiinua kamera, usambamba unavunjika. Juu kunapata kipimo kidogo, chini kikubwa, na mstatili unakuwa kama sketi. Usichanganye na lenzi pana inayopinda kingo kama upinde. Huo ni ugonjwa mwingine na dawa yake nyingine.

Mwaka 1858 Mjerumani mmoja, Albrecht Meydenbauer, alikuwa akipima kanisa kuu la mji wa Wetzlar akiwa juu, nusura aanguke. Akajiuliza: kwa nini nisipime picha yake badala ya kupanda? Kama unajua kamera ilisimama wapi na ilitazama vipi, picha inaweza kurudishwa kuwa vipimo. Mwaka 1885 serikali ya Prussia ilimfungulia taasisi mjini Berlin, kazi yake kupiga majengo ya kale ili hata yakibomoka vipimo vibaki. Piga hesabu, msomaji. Boma la Mikindani lilipojengwa, wenye kulijenga walikuwa na miaka 10 ya ofisi ya namna hiyo huko kwao.

Baadaye akaja Theodor Scheimpflug, nahodha wa jeshi la Austria, aliyetaka kuchora ramani kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Picha za angani huja zimepinda, maana chombo hakitulii. Mwaka 1904 alisajili Uingereza njia ya kuzinyoosha: unaipiga picha upya kupitia lenzi, safari hii umeiinamisha picha yenyewe kwa makusudi, na mwinamo wa pili unafuta wa kwanza.

Leo kompyuta inafanya kazi ileile kwa hesabu. Unaionyesha pembe nne za kitu bapa ambacho kwa kweli ni mstatili, dirisha tuseme, nayo inavuta picha mpaka pembe zikae sawa. Kwa video kuna kazi zaidi. Mfumo wetu wa PAL una picha 25 kwa sekunde, yaani 1,500 kwa dakika moja. Kamera ikiwa imetulia kwenye stendi, sahihisho moja linatosha zote. Ukiishika mkononi huku unatembea, kila picha ina mwinamo wake.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kompyuta haijui kwamba dirisha ni mstatili. Wewe ndiye unayeiambia. Haijui pia kama lilikuwa refu au pana. Lazima mtu awe amelipima. Unyofu hautoki ndani ya picha. Unatoka kwa mtu aliyekuwepo, kama fundi anavyokuja na timazi yake mfukoni.

Na hata picha iliyonyooka haisemi yote. Kusini tuna ushahidi. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa muda mfupi, ukiitazama nchi kwa kiasi kikubwa kutoka ndegeni, ukitafuta ardhi ya karanga. Nachingwea ikachaguliwa, Mtwara ikapewa bandari ya maji marefu, na reli ikajengwa kuziunganisha. Januari 1951 mpango ukafutwa. Ekari zilionekana toka juu. Udongo unaokauka ukawa kama saruji, hasa kule Kongwa, na mvua isiyoaminika, havikuonekana. Reli iling'olewa, bandari tukabaki nayo.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu. Nyumba za kale za Mikindani, za mawe ya matumbawe na milango ya kuchonga, zinabomoka. Vichochoro ni vyembamba, huwezi kurudi nyuma, lazima uinue kamera. Inua tu. Ila kabla ya hapo pima mlango mmoja kwa tepu, upana na kimo, na uvitaje kwa sauti mkanda ukiwa unazunguka. Weka kamera kwenye stendi. Acha nafasi pembeni, maana kunyoosha hula kingo. Jueni pia kwamba ukuta bapa utanyooka lakini baraza iliyojitokeza mbele yake haitanyooka kwa sahihisho hilohilo; ipige peke yake.

Ukienda mdomoni mwa Ruvuma mambo ni magumu zaidi. Kule kuna mchanga, maji na mikoko tu. Hakuna dirisha wala ukuta. Anayetaka video yake ije kuonyesha ufuo umeliwa kiasi gani, achomeke mambo manne mchangani, mraba wa mita 10 kwa 10, kisha ndipo apige. Maji yakipanda yataondoka na mambo, lakini kwenye mkanda yatabaki, na atakayekuja baada yetu atakuwa na cha kupimia.