Mwenye Kipaza Sauti: Sinema ya Haki Arua na Koboko

Sinema ya hadhara iliingia Afrika Mashariki ikiwa chombo cha serikali. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo kuhusu safura, akiba ya posta na kilimo, ukazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi nchi za kusini. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda Colonial Film Unit, awali kwa propaganda ya vita. Gari la sinema lilikuja na msemaji aliyesimama kando ya kitambaa cheupe na kueleza picha kwa lugha ya wenyeji. Kwa kweli msemaji huyo ndiye aliyekuwa filamu: picha bila sauti hukubali maana yoyote, na alichosema yeye ndicho watu walichokwenda nacho nyumbani. Maswali ya watazamaji hayakuwa sehemu ya shughuli.

West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda, ilikuwa pembezoni mwa haya yote. Eneo hilo lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likapewa Sudan 1910, likaunganishwa na Uganda 1914, mwaka ambao Arua ilianzishwa kuwa makao ya wilaya. Serikali iliitazama zaidi kama hazina ya vibarua wa mashamba ya kusini na askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles.

Kamera za dunia ziliigeukia baadaye, kwa sababu ya mtu mmoja. Idi Amin, Mkakwa ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alitawala Uganda kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979. Mwaka 1974 mwongozaji Barbet Schroeder alitoa filamu kuhusu Amin, na Amin alipodai baadhi ya sehemu zikatwe, aliwashika mateka Wafaransa waliokuwa Uganda hadi Schroeder alipokubali. Vipande hivyo vilirudishwa baada ya utawala kuanguka. Mwaka 1981 Sharad Patel wa Kenya akatoa The Rise and Fall of Idi Amin, na Joseph Olita, Mkenya, akiigiza kama Amin. The Last King of Scotland ilifuata 2006, nayo ilimpatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar.

Filamu hizo zina kasoro moja kubwa machoni pa Arua: kwazo hadithi inakwisha dikteta anapokimbia. Kwa West Nile ndipo ilipoanza. Majeshi ya serikali mpya yalilipiza kisasi kwa wananchi, na kuanzia 1980 sehemu kubwa ya wakazi wakahamia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, mwaka uleule wa filamu ya Patel, askari waliwaua raia waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua. Mtazamaji wa Hollywood hajui jina Ombaci. Kwa wenyeji, filamu ya haki za binadamu yenye uzito ni ile inayoanzia hapo.

Wakati huohuo sinema ilikuwa imetoka mikononi mwa serikali. Kanda za video zilizaa vibanda: chumba cha mbao au matofali, mabenchi, televisheni na jenereta. Jenereta halikuwa anasa West Nile, kwani mkoa ulibaki nje ya gridi ya taifa kwa miongo mingi. Kituo cha umeme wa maji cha Nyagak, chenye megawati 3.5, kilianza kazi 2012 tu. Ndani ya kibanda akazaliwa vijei, mfasiri anayezungumza juu ya filamu, akiongeza mzaha na majina ya mitaa ya karibu. VJ Jingo alipata umaarufu Kampala, kama Lufufu Tanzania na DJ Afro Kenya. Vijei ni mrithi wa msemaji wa gari la serikali, ila yeye hulipwa na watazamaji, nao wakichoka huondoka.

Tamasha za filamu zilikuja kwa njia nyingine. Ile ya shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch ilianza 1988, ya Zanzibar 1998 na Amakula ya Kampala 2004. Katika kambi ya Kakuma, Kenya, shirika la FilmAid lilikuwa likiwaonyesha wakimbizi filamu tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Haja hiyohiyo ya kuwaonyesha wakimbizi filamu ilifika West Nile vita vilipozuka Sudan Kusini Desemba 2013 na tena Julai 2016. Kambi za Rhino Camp na Imvepi zilijaa upande wa Arua, Bidi Bidi ikafunguliwa Yumbe, na Lobule ya Koboko ikawapokea Wakongo. Wengi wa wenyeji waliowapokea walikuwa wamewahi kuwa wakimbizi katika nchi hizohizo.

Hapo, baada ya msemaji wa gari na vijei, anatokea mwenye kipaza sauti wa tatu, mwongozaji wa mjadala: filamu ikiisha, anakikabidhi kwa watazamaji. Wasipozungumza, jioni nzima imepotea, hata picha ingekuwa nzuri kiasi gani. Ugumu uko kwenye lugha. Kilugbara kinatosha mjini Arua, lakini si kambini, ambako Wadinka, Wanuer na Wabari hukaa pamoja na kuelewana kwa Kiarabu cha Juba. Kikakwa kinasemwa Koboko, Yei ya Sudan Kusini na ng'ambo ya Kongo, hivyo filamu moja yaweza kueleweka katika nchi tatu. Kiswahili, kilichotambuliwa na katiba kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, huko Buganda bado kinanuka kambi ya jeshi. Katika soko la Koboko ni lugha ya bei na salamu, na waongozaji wa mijadala huikimbilia pale Kiingereza kinapowanyamazisha wazee.