Utetezi wa Tasnifu kama Uhakiki wa Ushahidi wa Mdomo: Maandalizi ya Mtahiniwa wa Historia ya Karagwe

Ikisiri

Makala hii inajadili maandalizi ya utetezi wa tasnifu ya historia iliyojengwa juu ya masimulizi ya wazee, kwa kurejelea kata ya Kituntu wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Hoja yake kuu ni kwamba katika Karagwe maneno ya wageni na ya vitabu yamekuwa yakiingia katika masimulizi tangu mwaka 1861. Kwa hiyo, utetezi ni mojawapo ya hatua za mwisho ambapo kosa la mtafiti linaweza kuzuiwa kabla halijageuka kuwa mapokeo ya jamii. Maandalizi yanayofaa ni yale yanayomwezesha mtahiniwa kueleza njia iliyopitiwa na kila ushahidi hadi ulipofika katika tasnifu yake.

1.0 Utangulizi

Katika utetezi, mtahiniwa hutoa muhtasari wa kazi yake mbele ya jopo, kisha hujibu maswali. Ushauri unaotolewa kwa watahiniwa mara nyingi huhusu mambo ya nje: idadi ya slaidi, matumizi ya muda, mavazi na utulivu wa sauti. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini hayagusi swali la msingi: jopo lililokwisha kuisoma tasnifu linataka kusikia nini zaidi?

Kwa tasnifu ya historia inayotegemea mapokeo simulizi, jibu ni bayana. Tasnifu huonesha ushahidi uliokwisha kunukuliwa, kutafsiriwa, kupunguzwa na kupangwa katika sura. Utetezi huurudisha mwendo huo nyuma. Mtahini huuliza nani alisema, aliyajuaje, alisema kwa lugha gani na mbele ya nani. Mtahiniwa aliyekariri sura zake lakini akasahau mazungumzo yaliyozizaa hana cha kujibu.

2.0 Mgeni aliyefundisha alichokuja kukiuliza

Mwezi Novemba 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Speke aliondoka kwenda Buganda mwezi Januari 1862, na kumwacha Grant akiuguza mguu. Kitabu chake cha safari kilichapwa mwaka 1863. Ndani yake alieneza nadharia kwamba watawala wafugaji wa eneo la Maziwa Makuu walitokana na wavamizi kutoka Uhabeshi.

Jambo la kuzingatiwa na mwanahistoria ni namna mazungumzo yale yalivyoendeshwa. Kwa maelezo ya Speke mwenyewe, alipozungumza na Rumanyika juu ya asili ya ukoo wake, aliifungua Biblia na kumfafanulia asili hiyo kama yeye alivyoidhania, akianzia kwa Adamu. Msaili alimpa msailiwa jibu, kisha maelezo ya asili hiyo yakachapwa katika kitabu kama maarifa kuhusu Waafrika. Nadharia ya aina hiyo ilikuja kutumiwa na watawala wa kikoloni kuwapanga watu kwa daraja, na ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, madhara yake yalikuwa makubwa mno.

Speke hakuulizwa na jopo lolote ni maneno yapi yalikuwa ya Rumanyika na yapi yalikuwa yake. Swali hilo moja, kama lingeulizwa na kujibiwa kwa uaminifu, lingetosha kuitikisa hoja yake. Mtahiniwa wa leo anayerejea kutoka Kituntu na kinasa sauti anapaswa kulitarajia swali hilohilo. Maandalizi yake yaanze kwa kuzisikiliza upya rekodi zake, akisikiliza sauti yake mwenyewe zaidi ya sauti za wazee: ni wapi aliuliza swali lililobeba jibu? Ni wapi alitaja jina la mtawala kabla mzee hajalitaja?

3.0 Kizazi kilichoutetea mdomo

Karne moja baada ya safari ya Speke, mwezi Oktoba 1961, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka huohuo Jan Vansina alichapisha kitabu chake kuhusu mapokeo simulizi, kilichoweka kanuni za kuyahakiki kama mwanahistoria anavyohakiki hati. Hata hivyo, mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, bado alishikilia kwamba Afrika ya kabla ya Wazungu haikuwa na historia ya kufundishwa.

Wanahistoria Waafrika wa miaka ile walilazimika kutetea mambo mawili kwa pamoja: hitimisho la tasnifu zao, na haki ya neno la mzee kuitwa ushahidi. Isaria Kimambo alifanya hivyo kwa historia ya Wapare. Israel Katoke alifanya hivyo kwa historia ya Wanyambo wa Karagwe. Kitabu chake, kinachoanzia takribani mwaka 1400 hadi 1915, kilichapwa Nairobi mwaka 1975.

Lakini mwaka 1974 David Henige alikwisha kutoa hoja nzito dhidi ya tarehe zinazotokana na orodha za watawala. Alionesha kwamba orodha hizo hurefushwa, na kwamba yaliyochapwa huingia katika masimulizi na kurudi kwa mtafiti yakiwa na sura ya ukale. Mtahiniwa wa historia ya Karagwe anaingia katika utetezi akiwa kati ya pande hizo mbili. Akiunga mkono kizazi cha Katoke bila kumjibu Henige, ataonekana hakusoma. Akimkubali Henige bila mipaka, atakuwa amewanyima wazee wake nafasi ya kuwa mashahidi.

4.0 Maswali manne ya kujiandaa nayo

Swali la kwanza ni la umri na mnyororo wa usimulizi. Mzee aliyezaliwa mwaka 1940 alizaliwa miaka 79 baada ya Speke kufika. Babu yake, kama alizaliwa mwaka 1880, naye hakuiona ziara hiyo. Kwa habari za Rumanyika, mzee huyo ni mpokezi wa mkono wa tatu au zaidi. Kwa habari za kufutwa kwa mamlaka ya machifu baada ya Uhuru, alikuwa kijana mwenye akili timamu na anaweza kuwa shahidi wa macho. Tasnifu ikimnukuu kwa uzito uleule katika mambo yote mawili, mtahini ataigundua dosari hiyo mara moja. Jedwali fupi la kila mtoa taarifa, likionesha alichokiona, alichosimuliwa na nani alimsimulia, litamsaidia mtahiniwa kuliko slaidi kumi.

Swali la pili ni la ukoo. Mapokeo husema kwamba Ruhinda, mwasisi wa nasaba ya Bahinda, alichukua utawala kutoka kwa Nono wa ukoo wa Basita. Simulizi hiyo ilihifadhiwa na kusimuliwa katika makazi ya washindi. Mtahiniwa ajue kila mzee wake ni wa ukoo gani, na aeleze iwapo wazao wa walioshindwa walisikilizwa. Kama hawakusikilizwa, aliseme hilo katika muhtasari wake kabla ya kuulizwa, na apunguze ukubwa wa dai lake.

Swali la tatu ni la miaka. Tuseme orodha ina vizazi 15. Kwa wastani wa miaka 25 kwa kizazi, tunapata miaka 375. Kwa wastani wa miaka 30, tunapata miaka 450. Tofauti ya miaka 75 imetokana na chaguo la mtafiti, si na neno la mzee. Mtahiniwa aweze kuifanya hesabu hiyo mbele ya jopo na kutetea wastani alioutumia.

Swali la nne ni la lugha. Mahojiano hufanyika kwa Kinyambo, tasnifu huandikwa kwa lugha nyingine. Neno "omukama" likitafsiriwa "mfalme" hubeba picha moja. Likitafsiriwa "mtemi" hubeba picha nyingine, iliyotoka Unyamwezi na Usukuma. Mtahiniwa abebe maneno ya asili ya vifungu vyote vinavyobeba hoja yake, ili mtahini akitilia shaka tafsiri, asomewe maneno ya mzee kama yalivyotamkwa.

5.0 Hitimisho

Tasnifu iliyopita katika utetezi huwekwa katika hazina ya chuo kikuu, ambako yeyote mwenye simu anaweza kuisoma. Mwalimu wa sekondari wilayani Karagwe au Kyerwa ataifundishia, mwanafunzi ataipeleka nyumbani, na baada ya miaka kadhaa mtafiti mwingine atakayefika Kituntu ataisikia kwa mdomo. Ataiandika kama mapokeo. Mzunguko ulioanza kwa Speke hautakoma kwa kuwa sasa mtafiti ni mzawa. Utakoma pale tu kila dai litakapooneshwa lilikotoka.

Kwa sababu hiyo, inapendekezwa kwamba siku za mwisho kabla ya utetezi zitumiwe katika rekodi, majedwali na maneno ya asili, na ikiwezekana katika safari ya kurudi kwa watoa taarifa ili kuwasomea yale yaliyoandikwa kwa majina yao. Mzee wa Kituntu hatakuwapo katika chumba cha utetezi kusahihisha aliponukuliwa vibaya. Mtahini anapouliza maswali makali, anamsemea mzee huyo, na mtahiniwa aliyejiandaa vema atayapokea maswali hayo kwa nia hiyo.