Aya Iliyomgeukia Padri

Jumapili ya nne ya Majilio, mwaka 1511, mtawa Mdominiko Antonio de Montesinos alipanda mimbari mjini Santo Domingo, kisiwani Hispaniola. Mbele yake walikaa wakubwa wa koloni la Hispania. Akawauliza: hawa wenyeji mnaowafanyisha kazi migodini hadi wafe, kwani wao si watu? Wakubwa walikasirika, wakadai afute maneno yake. Jumapili iliyofuata alipanda tena, akarudia yale yale.

Bartolomé de las Casas alikuwa ameishi kisiwani humo tangu 1502. Alikuwa padri, na pia alikuwa na wenyeji aliokabidhiwa na serikali wamfanyie kazi. Mfumo wenyewe uliitwa encomienda: mkoloni anapewa watu, wanamtumikia, naye eti anawafundisha dini. Mdominiko mmoja alimnyima maondoleo ya dhambi kwa sababu hiyo. Las Casas akabishana naye, kisha akaendelea na shughuli zake. Baadaye alihamia Kuba, akapewa wenyeji wengine.

Usimchore kama jambazi wa sinema. Alisali, alibatiza, aliongoza misa. Biblia alikuwa nayo mkononi miaka yote hiyo.

Mwaka 1514 akawa anaandaa mahubiri ya Pentekoste. Akafika Yoshua bin Sira, sura ya 34. (Kama Biblia yako ni ya Kiprotestanti, huenda usikione kitabu hicho; Wakatoliki wanacho.) Sura hiyo inasema sadaka iliyotokana na dhuluma haimpendezi Mungu, kwamba mkate ndio uhai wa maskini, na kwamba anayemnyima kibarua ujira wake anamwaga damu.

Alikuwa akitafuta maneno ya kuwaambia wengine, na maneno yakamgeukia yeye. Alitafakari kwa siku kadhaa. Halafu akaenda kwa gavana Diego Velázquez, akamwambia anawaachilia watu wake. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, akatangaza jambo hilo hadharani kwenye mahubiri, mbele ya wakoloni wenzake.

Ingekuwa raha hadithi iishie hapo, bana. Lakini mwaka 1516, katika mapendekezo aliyowapelekea wakuu wa Hispania, Las Casas aliandika kwamba wenyeji wapunguziwe mzigo na waletwe watumwa, Waafrika wakiwemo. Utumwa wa Waafrika hakuuanzisha yeye, ulikuwepo tayari. Ila aliukubali. Mtu yule yule, na aya ile ile. Mkate wa Mtaino aliuona, mkate wa Mwafrika hakuuona.

Miaka mingi baadaye alijifunza jinsi Wareno walivyokuwa wakiwakamata watu barani Afrika. Katika kitabu chake, Historia de las Indias, alikiri kwamba utumwa wa Waafrika ulikuwa dhuluma sawa na ule wa wenyeji, na kwamba hakuwa na hakika kama kutojua kwake kungemwokoa mbele ya hukumu ya Mungu. Alifariki Madrid mwaka 1566. Kitabu hicho kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1875.

Mimi namheshimu zaidi kwa kukiri huko kuliko kwa ushujaa wa 1514. Mara ya kwanza ukweli ulimgharimu mali. Mtu akishalipa gharama kama hiyo, ni rahisi kudhani deni limekwisha na Maandiko hayana tena la kumwambia. Yeye alikubali kusomwa upya akiwa mzee, tena akiwa tayari na jina la mtetezi wa wanyonge.

Na sisi? Tunapenda aya za baraka, tunaziweka hata kwenye statasi. Zile za ujira wa kibarua tunazipita haraka, au tunasema zinawahusu matajiri na wanasiasa. Basi Jumapili hii, kabla ya kutuma sadaka kwa simu, angalia kwanza kama mama anayekufulia nguo hakudai.